Mnyime Chakula, Usimnyime Maji: Saa za Mwisho Kabla ya Kuchinja Nguruwe

 

Desemba ikikaribia simu yangu hailali. Swali ni lile lile kila mwaka: "Bwana Mifugo, nguruwe wangu anachinjwa Jumamosi. Ijumaa nimlishe au nisimlishe?"

Jibu fupi ni hili: acha kumpa chakula saa 12 hadi 18 kabla ya kuchinja, na maji mpe muda wote. Ungeweza kuishia hapo ukaendelea na shughuli zako. Lakini nakuomba ukae nami kidogo, kwa sababu jibu fupi nililowahi kumpa mama mmoja hapa Mbozi lilimtia hasara, na kosa lilikuwa langu. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshafanya kosa la upande wa pili, kwa nguruwe wangu mwenyewe. Nitakusimulia yote mawili ili wewe usiyarudie.

Kosa la kwanza: kumshibisha

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilinunua vitoto vitatu vya nguruwe. Nia ilikuwa kuwanenepesha na kuwauza ili nilipe ada ya mdogo wangu chuoni. Walikua vizuri. Walipofikia uzito wa kuuzwa nikapata mnunuzi wa mjini, tukakubaliana bei ya kilo, nguruwe akiwa hai, na mizani ni ya kwake huko huko mjini.

Mzee mmoja jirani akanipa siri. Akaniambia, "Mwanangu, asubuhi ya mizani wapikie pumba, tia na chumvi. Watakula sana, watakunywa sana, na mizani itasema vizuri." Nilikuwa na cheti cha mifugo ukutani, lakini tamaa haisomi vyeti. Nikapika pumba debe zima.

Gari lilichelewa, likafika saa 7 mchana jua likiwa kali. Tuliwasukuma nguruwe wanaume wanne, kwa kelele na fimbo. Yule mkubwa kuliko wote alianza kuhema mdomo wazi kabla hatujatoka kijijini. Njiani akatapika. Tulipofika mjini alikuwa ameshakufa. Tulimzika, maana mnyama aliyejifia haliwi wala hauzwi.

Wale wawili waliobaki mnunuzi aliwapima, kisha akawabonyeza matumbo na kukata kilo sita kwa kila mmoja. "Hizi ni za pumba," akasema. Sikuwa na la kumjibu. Ada ililipwa nusu, na mdogo wangu akakaa nyumbani muhula mzima.

Sasa sikiliza sababu. Nguruwe hatoki jasho la kumpoza kama wewe na mimi. Njia zake za kupunguza joto ni kuhema, kulala mahali penye baridi na kujilowesha. Ukimpakia kwenye gari tumbo likiwa limejaa, lile tumbo linasukuma mapafu na kupumua kunakuwa kwa shida. Wakati huo huo kazi ya kusaga chakula nayo inaongeza joto mwilini. Tena nguruwe hupata kichefuchefu cha safari kama abiria wa basi, na akitapika anaweza kupaliwa. Jua, fimbo na shibe vikikutana, moyo unashindwa.

Chakula cha mwisho hakiwi nyama

Hata kama nguruwe wangu asingekufa, ile pumba ilikuwa imepotea bure. Chakula hakigeuki nyama kwa kuingia mdomoni. Kinahitaji kusagwa tumboni, kupita kwenye utumbo, virutubisho vinyonywe, ndipo mwili uvitumie. Hiyo ni kazi ya saa nyingi. Alichokula asubuhi na akachinjwa mchana utakikuta tumboni kilivyo, pumba na mashudu, na kitaishia kwenye shimo la taka.

Hebu piga hesabu. Nguruwe wa kunenepesha anakula kama kilo mbili na nusu hadi tatu kwa siku. Ukiwa na nguruwe kumi wa kuchinja na ukaacha mlo wao wa mwisho, umeokoa zaidi ya kilo kumi za chakula. Zidisha kwa bei ya pumba na mashudu ya kwenu uone.

Faida ya pili ipo kwenye kisu. Tumbo na utumbo uliojaa ni mzito, umevimba, na ngozi yake imetanuka. Mchinjaji akiteleza kidogo wakati wa kupasua, kinyesi kinamwagika juu ya nyama. Ndani ya kinyesi kuna vijidudu vya kuharisha na homa za tumbo, na nyama iliyochafuka hivyo haitengenezwi kwa kuoshwa. Maji yanasambaza tu uchafu kutoka paja hadi kwenye mbavu. Sehemu iliyochafuka inatakiwa kukatwa na kutupwa, na hizo ni kilo zako. Utumbo mtupu hutoka kwa urahisi, mchinjaji anamaliza mapema, na nyama inakaa muda mrefu zaidi bila kuharibika.

Kosa la pili: kumpa njaa isiyo na saa

Baada ya kile kifo nikawa mhubiri. Kila kijiji nilichopita nilisema, "Nguruwe wa kuchinja usimpe kitu." Nilisema hivyo kwa mama mmoja aliyekuwa na nguruwe mmoja tu. Alikuwa amekopa kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, na nguruwe yule ndiye angelipa deni lile na kununua sare za mtoto aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza.

Mnunuzi alisema angekuja Ijumaa asubuhi. Mama yule, kwa kunisikiliza, akaacha kulisha Alhamisi mchana. Usiku mvua ikanyesha, barabara ikaharibika, na mnunuzi akapiga simu kuwa atafika Jumamosi. Mama akaendelea kungoja, akiwa ameshika neno langu. Nguruwe alipiga kelele usiku kucha, akatafuna mbao za banda, akala udongo na kinyesi chake.

Jumamosi asubuhi nilikuwepo kwa ajili ya ukaguzi. Tulitegemea kilo 65 hivi za nyama, zikatoka 61. Lakini kilo hazikuwa tatizo kubwa. Nyama yenyewe ilikuwa nyeusi nyeusi, kavu, ukiigusa inanata vidole. Mnunuzi akasema wateja wake watadhani ni nyama ya juzi, akashusha bei shilingi elfu moja kwa kila kilo. Ukichanganya na kilo nne zilizopotea, deni halikulipika lote.

Nikaenda bandani kutafuta sababu. Kihori cha chakula kilikuwa kitupu, na ndoo ya maji nayo ilikuwa tupu, imepinduliwa kwa pua. Nikauliza, "Mama, maji ulimpa lini?" Akanitazama muda mrefu, kisha akasema, "Bwana Mifugo, si ulisema nisimpe kitu. Maji si kitu?"

Ndugu msomaji, swali lile nimelibeba mpaka leo. Mama yule hakukosea popote. Alifanya neno kwa neno kile nilichomwambia. Mimi ndiye niliyetoa ushauri bila saa na bila kutaja maji, nikadhani mtu mwingine atajaza nilichoacha.

Kinachotokea ndani ya nyama

Ili usisahau, elewa kwanza sababu. Ndani ya misuli ya nguruwe kuna akiba ya sukari. Nguruwe akishachinjwa, sukari ile inabadilika polepole kuwa asidi, na nyama inachachuka kidogo sana, kiasi ambacho ulimi hauwezi kuonja. Kipimo cha asidi kinachoitwa pH kinashuka kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5 kwa muda wa siku moja hivi. Uchachu huo ndio unaoipa nyama rangi nzuri ya waridi na kuzuia bakteria wasiizidi haraka.

Sasa, nguruwe akikaa na njaa ndefu, akapigana, akasafiri mbali au akakosa usingizi, anaitumia akiba ile akiwa bado hai. Anapochinjwa hakuna sukari ya kutosha kugeuka asidi. Nyama inabaki nyeusi, ngumu, inanata na inaharibika upesi. Ndiyo nyama ya yule mama.

Kuna na kinyume chake. Nguruwe aliyetulia, mwenye akiba ya kutosha, ukimkimbiza na kumpiga dakika chache kabla ya kisu, sukari yote inageuka asidi kwa haraka wakati nyama bado ina joto la mwili. Nyama hiyo inakuwa nyeupe, laini kupita kiasi, na inavuja maji. Wewe mwenye bucha unaijua: umenunua kilo 60, kesho yake unapima unakuta zimepungua na sinia limejaa maji mekundu. Kwa hiyo hata ukifuata saa zote za chakula halafu ukamburuta nguruwe kwa kamba shingoni, umeharibu kazi yako mwenyewe.

Kuhusu kilo, mambo huenda hivi. Katika saa za kwanza za kutokula, uzito unaopungua karibu wote ni kinyesi na mkojo, yaani uzito ambao haukuwa nyama. Kadiri unavyopita saa 18 na kuelekea 24, mwili unaanza kujila wenyewe. Ini ndilo linalotangulia kupungua, kisha nyama yenyewe. Na akikosa maji, hasara inakuja mapema zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya nyama ni maji. Ndiyo maana nasema njaa ya nguruwe ni njaa yenye saa.

Ratiba ya kufuata

Tuseme kuchinja ni Jumamosi saa 12 asubuhi.

Kama unachinja kijijini kwako, mlo wa mwisho uwe Ijumaa saa 8 mchana. Usiongeze kwa kumhurumia. Baada ya saa moja toa mabaki yote kwenye kihori na ukisafishe. Toa pia majani na maganda sakafuni, kwa sababu nguruwe mwenye njaa atayala yote. Hapo atakuwa amekaa saa 16 bila chakula.

Kama kuna safari, mlo wa mwisho uwe Ijumaa saa 6 mchana. Pakia usiku au alfajiri wakati kuna baridi. Kwa mfano ukipakia saa 9 usiku na kufika machinjioni saa 10, utapata saa mbili za kumpumzisha na kumpa maji kabla ya kisu. Kumbuka kubeba kibali cha kusafirisha mifugo.

Maji yawepo tangu mwanzo hadi mwisho. Ndoo ifunge kwenye ukuta au nguzo ili asiipindue, maana nguruwe mwenye njaa anachezea kila kitu. Kichungulie chombo hicho usiku kabla hujalala.

Usimchanganye na nguruwe wageni. Nguruwe wasiojuana hupigana, na wakiwa na njaa hupigana zaidi. Wanaochinjwa pamoja wawe wale waliokua pamoja.

Msogeze kwa upole. Tumia ubao mpana kumwongoza, siyo fimbo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, lakini hata bila sheria, kila fimbo utaiona kwenye nyama.

Mpigie simu mkaguzi wa nyama siku moja kabla, ili usichinje halafu ukaanza kumtafuta.

Je, mnunuzi akichelewa? Hapa ndipo yule mama alipoumia. Kanuni ni hii: ukiona kuchinja kutapita saa 24 tangu mlo wa mwisho, mlishe. Mpe chakula kidogo, nusu ya mlo wa kawaida, usimjaze kwa mara moja, kisha anza kuhesabu saa upya kwa siku mpya. Mlo mmoja wa pumba ni rahisi kuliko kilo nne za nyama.

Na jambo moja kubwa: nguruwe aliyeacha kula mwenyewe hajafunga, anaumwa. Usiseme "heri, tumbo litakuwa tupu" ukamkimbizia kisu. Inaweza kuwa homa ya nguruwe, ambayo haina tiba, na nyama yake na damu yake itapeleka ugonjwa kwenye mabanda ya kijiji kizima. Akikataa chakula, ita afisa mifugo kwanza.

Mizani ni ya wote wawili

Najua unachowaza, mfugaji. Unasema, "Bwana Mifugo, nikimfunga chakula nauza kilo chache, anayefaidi ni mnunuzi." Una hoja, kama mnauziana kwa uzito wa nguruwe hai na hamjazungumza. Na wewe mnunuzi unasema, "Wafugaji wananiuzia pumba." Na wewe una hoja. Kwa hiyo mfugaji anashibisha, mnunuzi anakata kilo kwa kubonyeza tumbo, na kila mmoja anaondoka akijiona ameibiwa.

Twende kwa hesabu. Nguruwe ameshiba ana kilo 100. Baada ya kufunga chakula ana kilo 96. Akichinjwa anatoa kilo 72 za nyama, iwe alishiba au alifunga. Tuseme bei ni shilingi 5,000 kwa kilo ya nguruwe hai. Akiwa ameshiba ni shilingi 500,000. Akiwa amefunga ni 480,000. Hizo elfu ishirini ndizo mnazogombania. Lakini mkikubaliana mapema kwamba nguruwe aliyefunga bei yake ni shilingi 5,200 kwa kilo, mfugaji anapata 499,200, na mnunuzi anapata nyama ile ile, safi zaidi, kutoka kwa mnyama asiyemfia njiani. Hakuna aliyepoteza, isipokuwa pumba ambayo haikuliwa, nayo imebaki kwenye gunia la mfugaji.

Njia nzuri zaidi ni kuuziana kwa kilo ya nyama baada ya kuchinja, wote mkiwa mnaona mizani. Hapo shibe haina maana tena, na mfugaji mwenyewe atakuwa wa kwanza kufunga kihori kwa wakati. Lakini njia yoyote mtakayochagua, mpatane kabla ya mlo wa mwisho. Mkisubiri mpaka nguruwe yuko juu ya mizani, mmeshachelewa.

Kipande cha boksi

Nilirudi kwa yule mama wiki iliyofuata nikiwa na gunia la pumba. Nilimwomba radhi. Pumba aliipokea, maana alikuwa ameshanunua kitoto kingine, lakini alisema maneno yangu ameyachoka, anataka kitu cha kuangalia ukutani. Akakata kipande cha boksi, akanipa kipande cha mkaa, akasema, "Andika, na saa uziandike." Nikaandika: CHAKULA MWISHO SAA 8 MCHANA. MAJI SIKU ZOTE. ASIPOKUJA MTU, MLISHE. Akakisoma kwa sauti, akauliza kila neno lina maana gani, ndipo akakitundika juu ya mlango wa banda.

Nguruwe aliyefuata alipima kilo 92 akiwa ameshiba, 88 asubuhi ya kuchinja, na akatoa kilo 64 za nyama ya rangi ya waridi. Mnunuzi alikuwa yule yule. Safari hii hakushusha bei. Aliangalia nyama, akaangalia kile kiboksi, akaniomba nimwandikie na yeye akibandike kwenye gari.

Tangu siku ile sijasema tena "usimpe kitu". Nataja saa, nataja maji, na nataja la kufanya mambo yakiharibika. Halafu namwomba mtu anirudishie kwa maneno yake alivyoelewa. Nakuomba na wewe, ukimwachia kijana wako banda siku moja kabla ya kuchinja, ufanye hivyo hivyo. Mwambie saa kamili, kisha mwende wote wawili mkaiangalie ndoo ya maji.